Kibeleshi Chini ya Kitanda

Zuwena mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi na tutapeana tena ukirudi, basi hapa naanza na kibeleshi.

Nimekikuta uvunguni mwa kitanda chako. Wewe na babaako mmetoka kwenda mtaa wa Al Khuwair kuagana na watu, nami nikaingia chumbani kwako kupitisha fagio, maana leo siwezi kukaa kitako. Fagio likagonga kitu. Nikainama. Kibeleshi chako kile chekundu kinachokunjuka, umekizungushia kanga yangu ya zamani, na pembeni yake ile fimbo ndefu ya kuunga, ya kuchomea theluji kumtafuta mtu aliyefukiwa. Nikaketi pale pale sakafuni. Nikasema labda kanunua vingine. Nikaliendea begi, nikalifungua. Nisamehe, najua begi la mtu halipekuliwi. Nikamkuta papa mkavu wa Bi Thuwaiba, kafungwa magazeti na mifuko tabaka juu ya tabaka na bado ananuka, ni wa kumpelekea mwanawe huko Uingereza. Nikakuta tende za jirani, udi na ubani wa shangazi yako, kanzu za mtu ambaye hata simjui, na kopo kubwa la halua. Hilo la halua ni langu.

Nikafahamu. Begi halikutosha, ukatoa vyako ukaacha vya watu. Kile kidude kinacholia pi pi pi kikimkaribia aliyefukiwa umekitia kwa kuwa ni kidogo, kimeingia ndani ya kiatu.

Nakuandikia kwa sababu nikikwambia kwa mdomo ntalia, na nikilia utanikubalia kila kitu ili ninyamaze, kisha utakwenda na yale yale uliyokuwa nayo moyoni. Skuli niliiacha mapema kule Unguja nikakae na wadogo zangu, unajua, na herufi zangu zinakwenda upogo kama mtu anayeshuka ngazi na mzigo kichwani. Soma taratibu. Sikuandikii khabari za kuvaa soksi na kula na kusali kwa wakati. Hayo nimeyasema mpaka kakaako Nassor ananiigiza.

Mwaka mzima, Zuwena. Uskochi, kujifunza kuwaongoza watu milimani, na wanaanza nawe na majira ya baridi, kwenye theluji, hawakungoji hata uzoee chakula. Babaako mpaka leo anauliza: mtoto ana kazi ya ofisi, ana kiyoyozi, anakiacha akatembee kwenye barafu? Mimi nimeshaacha kuuliza. Nilikuona siku ile ulipotuchukua juu ya mlima wa Jabal Shams kukiwa na baridi, tukaikuta barafu imeganda juu ya maji madogo ya mifugo. Mimi nikaivunja nikaitia ndani ya chupa ya chai nije kumwonesha Bi Thuwaiba, tumefika nyumbani nikammiminia maji. Alinicheka wiki nzima. Lakini wewe nilikuona umesimama peke yako ukingoni, unatazama chini kule mbali, na uso wako ulikuwa kama uso wa mtu aliyefika kwao. Tangu pale nikajua sina changu. Nikabaki na khofu tu.

Na khofu yangu si ya ujinga, usidhani. Nimejifunza pamoja nawe. Nassor alinionesha kwenye simu vidio ya mporomoko wa theluji, akaizima sauti ili nisiogope, na ndiyo ikanitisha zaidi: mlima mzima unashuka kimya kimya, kama maziwa yanayofura sufuriani na hakuna wa kuzima moto. Na lile sinia langu la kuchagulia mchele unalikumbuka? Ulimwaga sukari, juu yake ukatandaza unga, ukaukandamiza kwa kiganja mpaka ukawa kama shuka iliyopigwa pasi.

"Mama, sukari hii ni theluji ya zamani, imekuwa chenga chenga, haishikani. Huu unga ni theluji mpya iliyoletwa na upepo. Tazama ilivyo nzuri."

Kweli ilikuwa nzuri. Ukanambia nipitishe kidole. Nikapitisha, hakikutokea kitu. Ukainua sinia upande mmoja. "Pitisha tena." Nikagusa tu, wallahi niligusa tu, unga ukakatika kipande kizima ukateleza wote ukamwagika sakafuni, nikapiga ukelele.

"Unaona, Mama? Juu hakukuwa na alama."

"Alama ipo," nikakwambia. "Unga wangu wa mikate umekwisha."

Nikakuuliza upepo unaiwekaje hiyo theluji mahala pamoja, ukanitoa nje ukanionesha ukuta wetu. Upande unaopigwa na upepo hauna mchanga, na nyuma yake mchanga umelala mpaka dirishani. Huko nyuma ndiko kubaya, ukasema, ndiko inakojazana ikakaa imelegea. Hilo nililifahamu papo hapo, maana mchanga ule naufagia mimi. Lakini tangu siku ile nikichagua mchele kwenye sinia lile mkono wangu unaingia baridi.

Siku ile ile nilikuuliza jambo moja zaidi, wewe unafuta unga, mimi nimekaa juu ya kigoda. Nikakuuliza, huko mlimani, nani ana ruhusa ya kusema turudi?

"Yeyote, Mama. Hata mgeni aliyekuja leo."

"Hata wewe?"

"Hata mimi," ukasema, ukacheka, ukainamia kitambaa chako.

Kicheko kile sikukipenda. Nilikijua. Ni changu, umekirithi kwangu.

Juzi mkataka kufanya mazoezi na vile vidude, mtu mmoja avae kimoja afukiwe, wengine wamtafute kwa vingine. Nikajitolea mimi. Nassor akasema, "Mama, utakosa pumzi," nikamwambia ninyi mmekaa tumboni mwangu mmoja mmoja wala hamkukosa pumzi, nifukieni. Mkanilaza majlisini, kwenye chumba cha wageni, mkazima taa, mkarundika magodoro yote ya wageni na mablanketi chumba kizima ili nisijulikane nipo wapi, mkatoka nje, mkamwambia babaako anivutie upande autakao. Akanivutia dirishani, akanifunika. Mkaingia.

Zuwena, nilisikia kila kitu. Nilisikia miguu yenu. Nilimsikia kakaako, "Huku, huku, karibu na mlango! Lete mikono!" Magodoro yakawa yanarushwa huko mbali. Kisha nikakusikia wewe, kisauti kidogo: "Kaka, changu kinaonesha dirishani..."

"Aa, changu ndicho kipya! Chimba hapa!"

Ukachimba. Kidude chako kinakwambia mamaako yuko dirishani, na wewe ukachimba mlangoni. Mimi nikanyamaza nione utafanyaje. Nikangoja. Pumzi yangu ikawa moto, blanketi likawa linanigusa mdomo kila nikivuta, jasho likaniingia machoni, na bado naisikia sauti yako inahesabu magodoro pamoja na kakaako kule mlangoni. Mwisho nikapiga ukelele, "Niko huku, majuha nyie!" Mkacheka mpaka mkakaa chini, babaako akacheka mpaka akavua kofia. Na mimi nilicheka. Kisha nikaenda jikoni nikafungulia maji bila ya kuosha chochote.

Maana ulishanambia mwenyewe kwamba aliyefukiwa akipiga ukelele hakuna anayemsikia. Na ulinambia hakuna wa kungojwa. Polisi, helikopta, wote watafika na mambo yamekwisha. Wa kumfukua ni wale wale aliokuwa akitembea nao, kwa mabeleshi waliyoyabeba mgongoni. Sasa leo mimi nakiona kibeleshi chini ya kitanda, na papa mkavu ndani ya begi.

Hukupenda kukiacha, najua. Ulimwona Bi Thuwaiba kaja na mfuko wake, mtu mzima, kapanda ngazi zetu na magoti yake, ukashindwa. Ukasema, "Inshallah, Bi, hamna tabu." Kisha akaja jirani, hamna tabu. Shangazi, hamna tabu. Kisha mimi. Ndivyo tulivyo, akisafiri mmoja nchi nzima inampa mzigo, na kukataa mzigo wa mtu ni kama kumfungia mlango.

Na nani aliyekufunza hamna tabu? Ulikuwa mdogo, hujaanza hata skuli. Tulikuwa na mgeni, bibi mmoja mkubwa, na wakati wa kuondoka akavaa viatu vya mtu mwengine pale mlangoni. Wewe ukasema mbele ya watu wote, "Bi, hivyo si vyako." Ilikuwa kweli. Kila mtu aliona ni kweli, kimoja kilikuwa kinampwaya. Mimi nikakufinya hapa juu ya mkono, nikamwambia, "Vaa tu, Bi, mtoto huyu ana maneno." Bibi akaondoka na viatu vya watu, mwenye viatu akaondoka na makubadhi ya babaako. Hukulia. Ulinitazama tu. Na tangu siku ile sikukusikia tena ukimsahihisha mkubwa, na mimi, mjinga, nikawa najisifu kwa wenzangu: Zuwena wangu ana adabu, hana jawabu.

Hata simu zangu. Ukiwa mlimani huku na wale wanawake mnaotembea nao Ijumaa, nakupigia, unajua navyokupigia, nikisikia tu "Mama, nimefika" napumua, na baada ya kitambo kidogo nakupigia tena. Hukuacha hata moja ikalia bure. Nilikuwa najivunia. Mpaka Nassor aliporudi siku moja aliyofuatana nanyi, akanambia, "Mama, unajua ulipompigia alikuwa wapi? Kwenye mteremko wa kokoto, njia upana wa mguu. Akasimama, akaachia mwamba, akavua glovu kwa meno akupokelee." Sikuweza kula siku ile. Mimi nilikuwa natafuta usalama wako kwa simu, na simu ndiyo iliyokuachisha mwamba. Huko uendako ikilia na wewe upo juu, iache ilie. Mimi nikilia pia, niache.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo unalijua nusu.

Unajua kuwa Ami Khalfan, kakaake babaako, alichukuliwa na maji ya wadi kabla hujazaliwa. Na unajua tunavyolisema hilo nyumbani kwetu: maji yalikuja ghafla, Mungu amrehemu. Hivyo ndivyo tulivyowaambia watu waliokuja kutupa pole, na hivyo ndivyo tulivyokwambieni ninyi watoto.

Hayakuja ghafla.

Tulikuwa tunatoka harusini, huku huku, upande wa ndani karibu na milima. Ami Khalfan anaendesha, babaako pembeni yake, nyuma mimi na Bi Thuwaiba mkewe. Mimi nilikuwa mke mpya, nimetoka Unguja juzi, Kiarabu changu cha kubabaisha, na shemeji yangu sijapata kusema naye zaidi ya shikamoo na ndiyo. Alikuwa mtu mwema, usinielewe vibaya, mpole, kila mtu alikuwa akimstahi. Pale tulipo kulikuwa na jua. Mlimani kulikuwa kweusi kwa mvua. Tukafika pale barabara inapokatisha wadi, lile bonde kavu linaloshusha maji ya mvua ya mlimani, maji yapo, ya kifundoni, mazuri, mawe unayaona chini. Gari moja ya mizigo ikapita mbele yetu ikavuka, dereva akapunga mkono.

Ami Khalfan akasimamisha gari, akatazama. Na mimi nikatazama. Wakati ule ule tunatazama, yale mawe yakaanza kutoonekana. Maji yakageuka, yakawa rangi ya chai ya maziwa, yakaja na majani, yakaja na kuti, yakaja na kopo tupu linajipigapiga. Kwetu Unguja hakuna wadi, lakini mtu hahitaji kufundishwa hilo. Mdomo wangu ukafunguka. Naukumbuka mpaka leo ulivyofunguka, na maneno yalikuwepo, nilitaka kusema "Shemeji, ngoja." Nikamtazama kisogo chake, kilemba chake alivyokifunga vizuri. Nikajiona mimi nani. Nikafunga mdomo.

Akasema, "Twende, wenzetu washapita."

Tulikuwa katikati gari ilipozima. Sikuandikii yote. Alitusukuma nje sisi wanawake kwa dirishani, mmoja mmoja, tukashikilia mwamba, watu wa upande wa pili wakafunga vilemba vyao pamoja wakatuvuta. Babaako naye walimpata. Ami Khalfan alikuwa wa mwisho, na gari ikaondoka naye.

Miaka ilipita. Ulikuwa umeshazaliwa, nakunyonyesha, babaako kakaa pembeni yangu hana anachokifanya, akasema tu, "Moza, mimi niliyaona yale maji."

Nikamwambia, "Na mimi."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

"Kaka yangu alikuwa anaendesha," akasema. Akainuka akatoka, na hatujalisema tena mpaka leo hii ninapoliandika.

Leo, nilipokiona kibeleshi, nilikaa pale sakafuni kitambo, kisha nikampigia simu Bi Thuwaiba.

"Bi Thuwaiba," nikamwambia, "papa wako haendi."

"Haendi wapi?"

"Haendi Uingereza. Begi limejaa."

"Limejaa nini? Mwambie apunguze nguo. Anakwenda kuvaa mabuti tu huko, nguo za nini?"

"Alishapunguza. Alitoa kibeleshi."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Kibeleshi! Kwani kwao hakuna mabeleshi mpaka yatoke huku kwetu Al Amerat?"

Nikataka kucheka naye, nimwambie nakutania, papa anakwenda, hamna tabu. Neno lilishafika ulimini. Nikalimeza. Nikamwambia, "Ni cha kumfukulia mwenzake akifukiwa na theluji. Kakiacha kwa sababu kashindwa kukwambia hapana. Na kashindwa kwa sababu kalelewa na mimi. Bi Thuwaiba, siku ile mimi niliyaona maji. Niliyaona yamegeuka rangi, nikanyamaza."

Sijui kwa nini nilimwambia. Halikuwa nililompigia. Nikawa nasikia feni la nyumbani kwake linavyogonga, nikasema nimemkosa, huyu hatanisemesha tena mpaka kufa.

"Yalikuja na kuti," akasema.

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Kuti na kopo. Nikasema moyoni, baba watoto anajua, ndiye mwenye gari." Akavuta pumzi. "Na mumeo Saidi?"

"Naye aliyaona."

"Saidi naye!" Akawa analirudia, Saidi naye, Saidi naye, kama mtu anayetafuta mahala pa kuliweka. Kisha akasema taratibu, "Basi na Khalfan mwenyewe aliyaona, Moza. Hawezi kuwa sisi tumeyaona yeye asiyaone. Aliona haya kugeuza gari na sisi tumo."

Hilo sikuwahi kulifikiri, miaka yote hii. Watu wanne ndani ya gari, kila mtu kaona, kila mtu anamstahi mwenzake.

Hatukulia. Bi Thuwaiba akasema, "Mtoe papa wangu. Mtoe sasa hivi nisikie." Nikaweka simu karibu na begi, nikamtoa, magazeti yakachakarika.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Mwanangu akitaka papa, aje kwao ale."

Zuwena, mimi mlima siujui. Barafu niliyoishika iliyeyuka ndani ya chupa ya chai. Siwezi kukwambia mteremko gani ni mzuri na upi mbaya, hayo utafundishwa na wenye kuyajua, na uwasikilize. Kiongozi wako nataraji atakuwa mtu mwema, mwenye miaka yake milimani, anayejua kuliko wewe. Na Ami Khalfan alikuwa anajua kuliko mimi. Mbele yenu patakuwa na nyayo za waliopita, na wale waliopita watakuwa wazima wanakupungieni mkono kutoka ng'ambo. Wewe utakuwa wa nyuma, mgeni, msichana wa kutoka nchi ya jua, Kiingereza chako kimeingia baridi, na utaona kitu. Labda upepo umebadilika. Labda ufa mdogo umekimbia kwenye theluji mbele ya kiatu chako, kama ulivyonionesha kwenye unga. Utamtazama kiongozi kisogo. Hapo ndipo ninapopaogopa. Siuogopi mlima kama ninavyoiogopa ile dakika ya kisogo, maana naijua, nimekaa ndani yake.

Sema tu. Usitafute maneno mazuri. Ukikosea watakucheka, mtarudi chini mnywe chai, na wewe utanipigia simu unambie wamekucheka, na mimi nitawatukana wote kwa Kiswahili mpaka uridhike. Nitafurahi siku hiyo kuliko siku uliyopata cheti.

Na yule mwanamke aliyekufinya ili akupe adabu, nimemwambia akae pembeni.

Vitu vya watu vyote nimevitoa begini. Tende, ubani, kanzu, vyote. Maneno ya watu niachie mimi, nimeshaanza na aliye mgumu kuliko wote. Kibeleshi na fimbo nimeviweka juu ya kitanda chako, sikuvitia begini. Na kopo langu la halua nimeliacha mule mule lilipokuwa.

Nguo zako ulizopunguza nimezirudisha, na begi halifungiki na vyote. Nimejaribu, nimelikalia na uzito wangu wote mpaka zipu ikaanza kutoa meno. Ama halua ama kibeleshi. Na halua ile unaijua, nimemwagizia mpishi mwenyewe aipike, nimesimama juu yake asiibe zafarani, ina lozi mpaka chini. Kesho ntakuuliza mbele ya babaako, "Umeichukua halua yangu?" na uso wangu utakuwa ule ule unaoujua. Sitajizuia, sitakusaidia. Ntakwambia walau nusu yake, ntakwambia mtu wa mbali kama wewe utakula nini kwenye baridi, ntakwambia mama gani mwanawe anasafiri mikono mitupu. Usilitoe kwa siri ukalitia uvunguni. Njoo nalo jikoni uniwekee mezani, unambie machoni, "Mama, halua haiendi." Nikisema tena, sema tena. Ntanuna. Usinibembeleze, nitaacha mwenyewe kwenye gari kabla hatujafika uwanja wa ndege.

Sijui kama utaweza. Ndiyo khofu yangu ya leo, ile ya theluji nimeiweka nyuma yake. Nikisikia umefunga begi na kimya, ntajua halua imo na kibeleshi kimerudi chini, na ntakusindikiza, na ntakuombea dua, na sitalala mpaka urudi.

Nikimaliza kusali alfajiri ntakaa jikoni. Kahawa ntaipika chungu, kama anavyoitaka babaako, yenye hiliki nyingi. Vikombe ntavitoa, na visahani. Tende sitaweka mezani, mahala pake ntapaacha wazi kwa kopo la halua.

Mamaako